Mgonjwa wa akili akimjeruhi muuguzi, kesi ipo?

Kabla ya adhana ya alfajiri, muuguzi wa zamu alipigwa kichwani kwa chuma cha kutundikia dripu. Akashonwa hapo hapo wodini, na mkuu wake akamwambia, "Mwanangu, yule mgonjwa, msamehe tu." Polisi hawakuambiwa, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, haikuchukuliwa. Katika daftari la zamu yakabaki maneno matatu: "Mgonjwa alifanya fujo."

Alikuja ofisini kwetu miezi baadaye kuuliza kama ana haki. Anayo. Kulazwa wodi ya akili si kinga ya mashitaka. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Nam. 6 ya 2018, inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitike vyengine.

Watu huchanganya maswali mawili. La kwanza ni la leo: aliyesimama kizimbani anafahamu anachoshitakiwa? Kama hafahamu, kesi inasimama na anapelekwa kwa daktari. Kwa Unguja, ndiyo Kidongo Chekundu. La pili ni la siku ile: alipoinua chuma, alijua anafanya nini, na kwamba kitendo hicho hakifai? Kipimo hicho kilitoka London mwaka 1843, baada ya Daniel M'Naghten kumuua katibu wa waziri mkuu, kikatufikia kwa mlango wa ukoloni.

Jina la maradhi peke yake halijibu kitu. Mwenye skizofrenia anaweza kumpiga mtu kwa sauti anazozisikia. Anaweza pia kumpiga kwa kunyimwa sigara.

Ikionekana hakuwa na akili siku ile, hafungwi kama wafungwa wengine, lakini harudi nyumbani vivi hivi. Mahakama humuweka chini ya ulinzi na matibabu. Wazazi waambiwe hili mapema, maana wengi hudhani mtoto wao anakwenda kunyongwa.

Sisemi kila kofi liende mahakamani. Bibi kizee aliyechanganyikiwa kwa uzee akimng'ata muuguzi wakati wa kuogeshwa, kumshitaki ni kuchosha watu. Ila uamuzi wa kushitaki au kuacha ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka, si wa mkuu wa wodi, na hawezi kuamua jambo asiloletewa.

Halafu kuna lile daftari. Daktari atakayemchunguza mgonjwa wiki tatu baadaye atamkuta katulia kwa dawa. Anachokitaka ni usiku wenyewe: alisema nini kabla? Alimchagua nani? Baada ya kupiga alikimbia, au alibaki akizungumza na ukuta? Muuguzi wetu aliyakumbuka yote. Chuma kilikutwa nyuma ya tangi la maji, kimeviringishwa shuka. Hakuna aliyeliandika hilo.