Magari ya Maksai Kuelekea Oregon: Yanayosimuliwa Riwayani na Yaliyotokea Njiani

Msomaji wa riwaya za kihistoria zinazohusu walowezi wa Marekani waliosafiri kuelekea magharibi katika karne ya 19 huyajua mambo kabla hajafungua ukurasa wa pili: farasi wenye nguvu wanavuta gari lenye turubai jeupe, mama ameketi mbele akiwa na mtoto mapajani, na juu ya kilima anatokea mpanda farasi mwenye manyoya kichwani. Njia inayosimuliwa ni ya kweli. Ilianzia miji ya kando ya Mto Missouri, hasa Independence, ikaenda kilomita zipatazo 3,200 hadi Bonde la Willamette huko Oregon, na mamia ya maelfu ya watu waliipita yote au sehemu yake kati ya miaka ya 1840 na mwaka 1869, wengine wakichepukia California na Utah. Ila riwaya nyingi zimeihamisha hatari ya safari hiyo na kuiweka vilimani, nje ya msafara, ilhali sehemu yake kubwa ilikuwamo ndani ya msafara wenyewe: katika maji ya kunywa, chini ya magurudumu, na katika haraka ya watu waliotaka kufika kabla ya theluji.

Dhana: Wasafiri wengi waliuawa na wenyeji wa asili

Mwanahistoria John Unruh, aliyezichambua kumbukumbu za kati ya 1840 na 1860, alihesabu wasafiri 362 waliouawa na wenyeji wa asili, na wenyeji 426 waliouawa na wasafiri. Hizo ni hesabu za miaka 20 nzima, katika njia iliyopitwa na watu wengi kiasi hicho, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea mbali magharibi, baada ya Milima ya Rocky, wala si katika nyanda za wazi ambako waandishi hupenda kuyaweka mapambano yao.

Muuaji mkuu alikuwa maradhi, na kati ya maradhi hayo kipindupindu ndicho kilichoogopwa zaidi, hasa katika miaka ya 1849, 1850 na 1852. Kilienea kwa sababu iliyo rahisi kueleweka leo: misafara ilifuatana kando ya Mto Platte, kila mmoja ukipiga kambi palepale ulipolala mwenzake, ukachota maji karibu na mahali palipotumiwa na wengine kama choo. Mtu aliyeamka mzima aliweza kuzikwa jioni. Makaburi yenyewe mara nyingi yalichimbwa katikati ya njia, kisha magari yakapitishwa juu yake ili ardhi ishindiliwe na mbwa mwitu wasinuse kilichofukiwa. Kwa hiyo ule msalaba wa mbao kileleni, ambao mjane huutazama mara ya mwisho huku machozi yakimtoka, unapendeza kusoma lakini familia nyingi hazikuachiwa hata alama ya kurudia.

Baada ya maradhi zilifuata ajali. Watu walizama katika kuvuka mito kama Platte, Green na Snake. Wanaume ambao hawakuwa wamezoea kushika silaha walisafiri na bunduki zilizojaa risasi, zikafyatuka wakati wa kuzitoa garini. Watoto walianguka chini ya magurudumu. Mwaka 1844 msichana Catherine Sager aliruka kutoka garini, nguo yake ikanasa, na gurudumu likampita mguuni. Baba na mama yake wote wawili walifariki kwa maradhi kabla safari haijaisha, na watoto saba wakabaki mayatima. Katika kisa hicho hakuna adui hata mmoja, na sijui ni kwa nini mwandishi angehitaji kumtafuta.

Kuhusu wenyeji wenyewe, shajara za wasafiri zinawataja mara nyingi zaidi wakiwa wafanyabiashara, wavushaji na waelekezaji. Washoshone na watu wengine wa kando ya Mto Snake waliwauzia samaki wasafiri waliokuwa wameishiwa na chakula. Mahali pengine wenyeji walidai ushuru wa kupita katika ardhi yao, jambo ambalo wasafiri walililalamikia kana kwamba nyasi zilizoliwa na mifugo yao na wanyama waliotoroshwa na kelele zao havikuwa na mwenyewe. Damu ilipomwagika, chanzo mara nyingi kilikuwa kidogo. Mwaka 1854, karibu na Fort Laramie, kituo cha kijeshi kando ya njia, ng'ombe mmoja wa msafiri Mmormoni (mfuasi wa kanisa lililokuwa limehamia Utah) aliuawa na mtu mmoja wa Lakota, jamii ya wenyeji wa asili. Luteni John Grattan akaenda na askari wapatao 29 kumkamata mhusika ijapokuwa fidia ilikwisha kutajwa, majadiliano yakaharibika, na kikosi chake chote kikaangamia.

Mauaji makubwa kuliko yote dhidi ya msafara wa magari katika enzi hiyo hayakuongozwa na wenyeji wa asili. Septemba 1857, mahali paitwapo Mountain Meadows kusini mwa Utah, wanamgambo wa Kimormoni wakisaidiwa na baadhi ya Wapaiute, wenyeji wa eneo hilo, waliuzingira msafara uliotoka Arkansas. Baadhi ya wanamgambo walijigeuza sura ili waonekane ni wenyeji. Walipoona mzingiro unarefuka, walikwenda na bendera nyeupe, wakawaahidi wasafiri usalama, kisha wakawaua watu wapatao 120 na kuwaacha hai watoto wadogo 17 tu. Aliyehukumiwa ni mtu mmoja, John D. Lee, naye aliuawa kwa risasi mahali hapohapo mwaka 1877.

Dhana: Walisafiri kwa farasi, wameketi garini

Gari lilivutwa zaidi na maksai, na pengine baghala. Maksai walikwenda polepole, lakini walikuwa wa bei nafuu, walishiba nyasi za njiani bila kuhitaji nafaka, na hawakuwa rahisi kuibwa. Farasi wa kuvuta mzigo kwa miezi mitano au sita angedhoofika mapema. Na gari lenyewe halikuwa lile kubwa lililopinda ncha, liitwalo Conestoga, ambalo lilikuwa zito mno kwa safari hiyo. Lilikuwa gari la kawaida la shambani, lenye sanduku la urefu wa mita tatu hivi na upana wa zaidi kidogo ya mita moja, likibeba kama tani moja ya mizigo.

Mizigo hiyo ilikuwa chakula. Lansford Hastings, katika mwongozo wake wa 1845, alishauri kila mtu mzima abebe ratili 200 za unga, 150 za nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi, 20 za sukari, 10 za kahawa na 10 za chumvi. Mhusika wa riwaya anayepakia piano hufikia kulitupa njiani, na hilo angalau ni kweli: samani, majiko na vitu vingine vizito vilitapakaa kando ya njia. Kwa kuwa gari lilijaa na halikuwa na springi, watu waliotembea walikuwa wengi kuliko waliopanda, wakienda kilomita 24 hivi kwa siku njema. Waliopanda ni wagonjwa, wachanga na waliokaribia kujifungua.

Huyo Hastings ndiye aliyependekeza pia njia ya mkato kusini mwa Ziwa la Chumvi kabla yeye mwenyewe hajaipita na magari. Msafara wa Donner uliifuata mwaka 1846, ukapoteza wiki kadhaa, ukanaswa na theluji katika milima ya Sierra Nevada huko California, na karibu nusu ya watu wake 87 wakafa.

Magari kupangwa duara ni jambo la kweli, ila kwa kawaida lilifanywa kila jioni ili kupata zizi la mifugo. Na ile sura ambamo magari yanashushwa kwa kamba kwenye genge haikutokea South Pass, pito la Milima ya Rocky na kilele cha safari, ambako mwinuko ni wa taratibu kiasi kwamba wengi hawakutambua kuwa wamekwisha kuvuka mgongo wa bara. Kamba zilitumika Windlass Hill huko Nebraska, na Laurel Hill karibu na Mount Hood, wakati wasafiri walipokaribia kufika.

Dhana: Walikuwa wazungu wote, wakielekea nchi tupu

Nchi haikuwa tupu, na walioisafiria hawakuwa rangi moja. Biddy Mason, akiwa mtumwa, alitembea nyuma ya magari kutoka Mississippi hadi Utah mwaka 1848 akichunga mifugo ya bwana wake, kisha akapelekwa California, ambako mahakama ya Los Angeles ilimpa uhuru mwaka 1856. George Bush, mkulima mweusi mwenye mali, aliondoka Missouri mwaka 1844 na kuwasaidia majirani zake weupe kugharimia safari. Walipofika, serikali ya muda ya Oregon ilikuwa imepitisha sheria ya kuwafukuza watu weusi, yenye adhabu ya viboko. Kundi lote likageukia kaskazini ya Mto Columbia, mahali panapoitwa leo Tumwater. Sheria ya ardhi ya 1850, iliyowapa wanandoa ekari 640, nusu kwa jina la mke, haikumhusu mtu kama yeye. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria mahususi mwaka 1855 ili Bush amiliki shamba alilokuwa akililima kwa miaka 10.