"Akaunti ni ya biashara, hawaigusi": nani kakwambia?

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mteja aliyeingia na bahasha ya mahakama mkononi. "Wakili, deni ni langu binafsi. Akaunti ni ya biashara." Nikamwomba hati ya usajili. Akatoa cheti cha jina la biashara.

Jamani, jina la biashara si mtu! Ukilisajili peke yako, umetangaza tu kwamba wewe, fulani bin fulani, unafanya biashara kwa jina hilo. Lenyewe halimiliki hata kalamu. Muhuri, risiti zilizochapwa na bango la mlangoni havibadilishi kitu. Fedha iliyomo kwenye akaunti hiyo ni yako, na mdai mwenye hukumu dhidi yako anaweza kuomba amri ya kuizuia ili alipwe. Benki ikiipokea amri hiyo inafungua fomu za akaunti kuona mwenyewe ni nani, na pale pana jina lako na sahihi yako. Kujitetea kwamba "hiyo ilikuwa ya kununulia mzigo" kwa kawaida hakusaidii.

Kampuni ni habari nyingine. Mwaka 1897, mahakama ya mwisho ya rufaa ya Uingereza ilimwokoa Salomon, mtengeneza viatu wa London, asibebeshwe madeni ya kampuni yake: kampuni ni mtu mbali na mwenye hisa. Kwa msingi huohuo, anayekudai wewe hachoti tu kwenye akaunti ya kampuni. Ila hisa zako ni mali yako, zinakamatika, na gawio, yaani fungu lako la faida, linaweza kuzuiwa kabla halijakufikia. Na wewe unayelipa ada za watoto na mafuta ya gari la nyumbani kwa akaunti ya kampuni, unampa mdai hoja bure kwamba wewe na kampuni ni kitu kimoja. Taarifa ya benki itasomwa mstari kwa mstari mbele ya hakimu.

Ubia? Katika nchi nyingi zenye sheria za asili ya Kiingereza, mdai wa mbia mmoja hufuata fungu la mbia huyo.

"Basi nihamishie kwa mdogo wangu." Usithubutu. Mahakama inaweza kubatilisha uhamisho wa kumkwepa mdai, na tarehe ya muamala itakusuta.

Ninachowashauri wote ni kwenda kwa mdai na ratiba ya malipo kabla hajaomba amri. Mteja wangu alinisikiliza, kisha akauliza kama kubadilisha jina la biashara kungesaidia.