Je, wajua? Besi unayoisikia kwenye redio ndogo haitoki redioni

Inakuwaje redio ya mkononi, yenye spika ya upana wa kifuniko cha chupa ya chai, itoe besi ya jazi mpaka mtu aifuate kwa mdomo noti kwa noti? Jibu ni kwamba haiitoi. Mimi mwenyewe niliamini kinyume kwa miaka mingi, hadi nilipobishana na fundi redio mmoja hapa Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni.

Mezani kwake palikuwa na redio ya betri, ya aina ambayo wavuvi huingia nayo ziwani usiku wa dagaa. Nilikuwa nimechomeka fleshi yangu, na redio ilikuwa ikipiga “So What” wa Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, wimbo ambao besi ndiyo inayouliza, tarumbeta na saksafoni zikaitikia. Nikasema, “Mzee wangu, kaspika haka kadogo, lakini besi inatoa.” Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye risasi ya kulehemu aliyokuwa akiyeyusha: “Hiyo spika haina besi, mwanangu. Besi unayo wewe.”

Akachomoa fleshi, akaunganisha simu yake kwa waya, akafungua programu inayotoa sauti moja tupu kwa masafa unayotaka. Akaweka hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Kimya. Akapandisha hadi 60, kisha 80: pumzi tu. Kwenye 100 palisikika kitu kama mtu anayeguna chumba cha pili. Sauti yenyewe ilianza kusimama ilipovuka 200. Kisha akarudisha fleshi, na besi ikawa ile pale, nzito, kila noti mahali pake.

Kabla ya kuendelea, niweke jambo moja sawa. Kwetu jina “jazz” lilibebwa na bendi za dansi, kama Tabora Jazz na Morogoro Jazz. Hapa nazungumzia jazi ya Marekani, na ile besi kubwa ya mbao inayopigwa umesimama, ndefu kuliko watu wengi, inayodonolewa kwa vidole na mara nyingine kukwaruzwa kwa upinde. Ina nyuzi nne. Ukizipiga wazi, mnene kuliko zote hutoa hezi 41, wa pili 55, wa tatu 73, na mwembamba kuliko zote 98. Ina maana hata uzi wake wa juu kabisa uko chini ya pale redio ya fundi ilipoanza kusema.

Basi tunasikia nini? Mimi nilikimbilia maelezo matatu, na yote ni ya makosa. La kwanza, kwamba boksi la plastiki la redio linatetemeka na kuongeza besi. Lingekuwa hivyo, ile hezi 41 tupu nayo ingesikika. La pili, kwamba sauti ilikuwa imefunguliwa sana. Fundi alifungua mpaka mwisho, kimya kikabaki kimya. La tatu ndilo nililoling'ang'ania: kwamba wimbo naujua, kwa hiyo akili inakumbuka besi na kuijaza. Hili lina mvuto kwa sababu limekaribia ukweli, lakini halisimami. Chukua wimbo ambao hujawahi kuusikia maishani, upigie kwenye redio hiyohiyo. Bado utaifuata besi, na ukiwa na gitaa utazipata noti zake. Kumbukumbu haiwezi kukupa noti ambayo hukuwa nayo.

Kosa hili la kutafuta besi mahali isipokuwepo lina historia ya heshima. Mwaka 1841 Mjerumani August Seebeck, akitumia king'ora cha sahani yenye matundu, alionyesha kwamba watu husikia sauti nzito hata pale ambapo mtetemo wake wa chini ni hafifu mno. Wakubwa wa fizikia walimpinga. Hermann von Helmholtz alishikilia kwamba sikio lenyewe, kwa kupotosha sauti kidogo, ndilo linalotengeneza ule mtetemo wa chini. Mwaka 1954 Mmarekani J. C. R. Licklider alifunika masafa ya chini kwa kelele nzito, kiasi kwamba mtetemo wowote halisi wa chini ungemezwa. Wasikilizaji waliendelea kusikia sauti nzito vilevile. Kwa hiyo haikuwa ikitengenezwa kama mtetemo, hata ndani ya sikio. Ubongo ulikuwa ukiifikia kwa njia nyingine.

Njia hiyo nitaieleza kwa vinu. Uzi wa besi ukidonolewa hautoi hezi 41 peke yake. Hutoa pia mara mbili yake, mara tatu, mara nne, na kuendelea; hizi ndizo sauti zake za juu. Redio ndogo inazikata zile za chini na kupitisha, tuseme, 205, 246, 287 na 328. Hesabu hizo hazina 41 hata moja, ila tofauti kati ya kila moja na inayofuata ni 41 ileile.

Sasa fikiria uani wanawake watatu wanatwanga, kila mmoja na kinu chake. Wameanza pamoja. Katika pumzi moja wa kwanza anashusha mchi mara mbili, wa pili mara tatu, wa tatu mara nne. Ukiwa nyuma ya ukuta utasikia mchanganyiko, wa kwanza na wa tatu wakikutana katikati, wa pili akipita peke yake. Lakini michi yote mitatu inatua kwa pamoja mara moja tu kwa kila pumzi, na hapo kuna kishindo. Ukikaa kidogo, mguu wako utaanza kufuata kishindo kile. Hakuna mwanamke anayetwanga mara moja kwa pumzi, ila mdundo wa mara moja upo na unausikia. Mitetemo ya 205, 246, 287 na 328 nayo hukutana mara 41 kwa sekunde, na ubongo hufuata makutano hayo.

Mfano huu una mipaka. Wanasayansi bado wanajadiliana ubongo unategemea zaidi makutano ya wakati au mpangilio wa nafasi kati ya masafa, na huenda unatumia vyote. Tena si watu wote wanaosikia kwa kiwango kimoja: wapo ambao masikio yao hushika zaidi zile sauti za juu zenyewe. Na spika ikiwa ndogo kupindukia, kama ya simu nyingi, noti za chini kabisa huanza kukosa uso, kwa sababu zile sauti za juu zilizo karibu na noti yenyewe ndizo zenye ushahidi mzuri.

Lakini jambo lenyewe unaliishi kila siku. Simu za mezani zilipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Sauti ya mwanamume huzunguka kwenye 100 na kitu. Hata hivyo mjomba akipiga kutoka Sengerema ulimsikia na uzito wake wote.

Hapa ndipo wapigaji wakubwa wanaponishangaza. Paul Chambers, aliyepiga besi ya “So What” mjini New York mwaka 1959, na Jimmy Blanton, aliyerekodi duweti za besi na piano na Duke Ellington mwaka 1940 na kufariki 1942 akiwa na miaka 23, wanapenya kwenye spika yoyote. Mdonoo wao ni safi, kidole kinauachia uzi kwa wakati mmoja kamili, na sauti za juu zinatoka zikiwa zimejaa na kupangika. Wametupa ushahidi wa kutosha wa noti, ya chini tunaimalizia wenyewe.

Na besi ya mbao nayo inatutegemea. Wimbi la hezi 41 hewani lina urefu wa zaidi ya mita nane, wakati ala yenyewe haifiki hata mita mbili na nusu. Mwili wake ni mdogo mno kuusukuma mtetemo huo sawasawa, kwa hiyo noti yake ya chini kabisa hutoka ikiwa dhaifu kuliko sauti zake za juu. Hata aliyesimama studioni mbele ya Chambers alikuwa akijazia sehemu ya alichokisikia.

Kitu kimoja redio ndogo haiwezi kukukopesha, nacho ni uzito. Ubongo unakupa jina la noti, haukupi mtikisiko. Siku ile fundi alichukua kiganja changu akakiweka juu ya spika wakati besi ya Chambers ikiuliza. Masikioni ilikuwa imejaa. Kiganjani palikuwa na mwasho mdogo, kama wa mguu wa nzi.