AC kubwa haiponyi chumba kinachovuja

Chumba kikiwa na joto Dar es Salaam, ushauri wa kwanza huwa ni kununua AC kubwa zaidi. Si sahihi. AC iliyozidi ukubwa hufikia haraka nyuzi ulizoweka, kisha hupumzika kabla haijakausha hewa. Unabaki na ubaridi wenye unyevunyevu, na umeme wa LUKU unakwisha vilevile.

Anza na mianya inayovujisha hewa. Zima feni, washa kijiti cha udi, kipitishe kwenye madirisha ya luva, chini ya mlango na pale bomba la AC linapopenya ukuta. Moshi ukiyumba, hewa inapita. Tundu la bomba ziba kwa silikoni. Mlango uwekee mpira wa chini. Luva hazizibiki vizuri, heri dirisha la alumini lenye mpira. Jikoni penye gesi au mkaa usizibe kamwe, ni hatari kwa maisha.

Kisha paa. Bati la saa saba mchana hulipua dari kwa joto. Karatasi ya foili husaidia, ila wako mafundi wanaoilaza ikigusana na bati, na hapo joto hupita moja kwa moja. Acha nafasi ya hewa ya angalau milimita 25, upande unaong'aa uangalie chini ili vumbi lisiufunike.