Uzee unasingiziwa sana: kisa cha mzee John Evans wa Wales

Mi ni daktari wa wazee, na kila nikitaja mtu aliyevuka miaka mia swali ni lile lile, alikuwa anakula nini? Haya, leo tumchukue mmoja. John Evans, mzaliwa wa Fforestfach pale Swansea, Wales, kazaliwa tarehe 19 Agosti 1877, kafariki 10 Juni 1990, piga hesabu mwenyewe, ni miaka 112 na ushee na wakati anaondoka alikuwa ndiye mwanaume mwenye umri mkubwa kuliko wote duniani.

Na yeye aliulizwa hivyo hivyo. Akajibu kwamba hakuwa mtu wa pombe wala sigara wala kamari wala matusi, na alikuwa na maji yake ya moto na asali. Basi watu wakaishikilia hiyo asali! Mi sina ugomvi na asali, ila nikisoma habari za huyu mzee jicho langu linatua kwingine kabisa, kwamba alichimba makaa ya mawe karibu miaka 60 akastaafu akiwa na 73, na kwamba alipokuwa na miaka 108 walimwekea pesimeka, kile kifaa kidogo cha umeme kinachosaidia moyo kupiga. Mia na nane jamani. Na hakuwekewa ili akalale kitandani, maana alipofika kama 110 hivi alipanda treni kwenda kuiona London kwa mara ya kwanza.

Kabla hujaniambia basi mgodi ni dawa, hapana. Mwaka 1913 mgodi wa Senghenydd huko huko Wales ulilipuka ukaua wachimbaji 439 kwa siku moja, na vumbi la makaa limekula mapafu ya wengine wasiohesabika. Evans ni yule aliyebaki, na aliyebaki ndiye anayehojiwa, wale waliokunywa asali wakafa wakiwa na miaka 50 hakuna mwandishi aliyewafuata.

Turudi kwenye pesimeka maana hapo ndipo nina neno. Moyo una umeme wake wenyewe, kuna sehemu ndogo juu upande wa kulia inatoa amri na kuna njia zinazoipeleka amri hiyo chini. Umri ukisogea zile seli zinapungua na njia zinaota makovu, kama waya za nyumba ya zamani, taa inawaka inazima inawaka. Moyo uliokuwa unapiga 70 kwa dakika unashuka 40, 35, damu haifiki kichwani vizuri na mzee anaona giza, anadondoka, anachoka akitoka chumbani kwenda sebuleni. Ukiwatazama ndugu zake wanasema nini? "Ni uzee tu daktari, si unaona umri wake." Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata sisi wenye makoti meupe tunasema hivyo hivyo, mtu kaanguka mara kadhaa anapewa vidonge vya maumivu arudi nyumbani, hakuna aliyeshika mkono wake akahesabu mapigo.

Pesimeka yenyewe wala si operesheni ya kutisha. Kwa kawaida ni ganzi ya sehemu, mkato mdogo chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, waya unapitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo, kifaa kinakaa chini ya ngozi. Ya kwanza kabisa kuwekwa mwilini ilikuwa Sweden mwaka 1958, mgonjwa anaitwa Arne Larsson, na akaishi hadi 2001. Kwetu Dar es Salaam Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanaziweka. Ndiyo, gharama ipo na si kila familia inaiweza, ila hilo ni swali la pesa, tulijadili kama la pesa, tusijifichie kwenye umri. Waliomhudumia Evans wangeweza kusema huyu kashakula chumvi ya kutosha, na nani angewalaumu? Akaishi tena kama miaka minne.

Sasa upande wa pili, na hapa nitawaudhi watoto na wajukuu. Bibi anaingia kliniki, namwamkia shikamoo mama, namwambia hebu inuka kutoka kwenye hicho kiti bila kushika popote. Kabla hajainama mbele, binti kashamshika kwapa hili na mjukuu lile, wanamnyanyua kama gunia. Nawaomba wamwachie. Bibi anarudisha visigino nyuma, anasogeza makalio ukingoni mwa kiti, anaweka mikono kifuani, anajaribu anarudi chini, anajaribu tena anasimama! Miguu inatetemeka lakini kasimama, na binti anashangaa kwa sababu hapo nyumbani hajamwona mama yake akisimama mwenyewe muda mrefu, hawajampa nafasi. "Kaa mama, pumzika, nitakuletea." Ni heshima, ni mapenzi, nayaelewa, ila msuli usiotumika unaondoka, na kwa mzee unaondoka kwa spidi. Kuna utafiti Marekani waliwalaza kitandani wazee wazima wa afya siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Siku kumi!

Na msuli unarudi. Mwaka 1990, mwaka ule ule aliofariki Evans, ilitoka ripoti ya Boston ya wazee 10 dhaifu wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa miaka 90, walinyanyua uzito kwa miguu wiki 8, nguvu ya mapaja ikapanda asilimia 174. Watu wa miaka tisini! Basi ukiniambia mama yako wa miaka 72 miguu imekwisha kwa sababu ya umri nakuangalia tu.

Wales wenyewe wana utafiti wao mzuri wa Caerphilly, ulianza 1979, wanaume 2,512 wakafuatiliwa miaka 30. Waliofuata mambo manne au matano kati ya haya, kutovuta sigara, uzito wa kawaida, kula vizuri, pombe kidogo au hakuna, na mazoezi ya kila siku, walipata ugonjwa wa kusahau pungufu kwa asilimia 60 hivi, na mazoezi ndiyo yaliyobeba uzito mkubwa. Waliotimiza yote matano hawakufika asilimia moja, kwa hiyo tusijidai kwamba Wazungu wanajua siri.

Halafu mtu anasema kujitegemea maana yake kuishi peke yako. Evans alikuwa anaishi na mwanawe. Unaweza kuwa na watoto nyumba nzima na bado ukajivalisha viatu mwenyewe.

Kama una mzee ndani, leo mshike kifundo cha mkono hesabu mapigo dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Ikiwa chini ya 50 na anaona kizunguzungu au kashawahi kudondoka, apelekwe, afanyiwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, apimwe presha akiwa amelala na akisimama, na dawa zake zote ziwekwe kwenye mfuko ziende naye, pamoja na zile za jirani na za mitishamba, kwa sababu baadhi ya dawa za presha nazo hushusha mapigo na pengine hahitaji hata hiyo pesimeka.