Dughulushi kwenye karatasi: jinsi ya kusoma mchoro wa kale wa mmea

Wapenzi wa ushairi wanamkumbuka mmisionari W. E. Taylor kwa sababu karatasi zake ziliyanusuru mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Sisi wa mimea tunamkumbuka kwa karatasi za namna nyingine. Mwaka 1887, akiwa katika nchi ya Wagiriama, alichuma mmea mdogo wenye majani ya vinyweleo na maua ya urujuani, akaukausha, nao ukafika bustani ya Kew, London. Miaka 3 kabla yake, John Kirk, konseli wa Uingereza kule Zanzibar, alikuwa ameshapeleka mmea wa aina hiyohiyo. Mimea yote miwili ilifika katika hali ambayo wataalamu wa Kew hawakuweza kuieleza kwa uhakika, basi haikupewa jina.

Mmea huo ndio dughulushi, ambao Wajerumani huuita urujuani wa Usambara na ambao leo unauzwa vyunguni duniani kote. Ninauanzia huo kwa sababu historia yake inajibu swali ambalo wanafunzi hawakosi kutuuliza wakizuru hebaria: kwa nini watu walijitaabisha kuchora mimea, na kwa nini wapo wanaoichora hadi leo ilhali kila mtu ana kamera mfukoni?

Hebaria ni ghala la mimea mikavu. Mmea hubanwa kati ya karatasi, hukaushwa, hushikizwa kwenye karatasi ngumu, kisha huandikiwa mahali ulipochumwa, tarehe na jina la aliyeuchuma. Kwa nyasi, au kwa mti wenye majani magumu, njia hii ni nzuri ajabu. Karatasi ya miaka 150 bado inasomeka. Dughulushi ni habari nyingine. Mwili wake umejaa maji na petali zake ni laini mno. Ukiubana, rangi hukimbia, petali hugandana, na ua lililokuwa limesimama likitazama mwanga hugeuka doa la kahawia. Mtu ambaye hajawahi kuliona ua hilo likiwa hai hawezi kukisia lilivyokuwa.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani upande wa Tanga, aliukuta mmea huu Usambara. (Huyu pia alikuwa mtu wa Kiswahili: mwaka 1890 alikuwa amechapisha huko Berlin kitabu cha kuwafundisha Wajerumani lugha yetu.) Aliupeleka kwa baba yake Ujerumani, na baba akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Wendland alikuwa na bahati ambayo watu wa Kew hawakuwa nayo, kwa kuwa mmea ulichanua mbele ya macho yake. Mwaka 1893 akautangaza kwa jina Saintpaulia ionantha katika jarida la Gartenflora, pamoja na picha. Neno la pili lina asili ya Kigiriki, maana yake ni lenye maua kama ya urujuani. Jina la kwanza ni la ukoo wa ofisa yule. Waliozaliwa kwenye milima hiyo, walioujua mmea kabla yake, hawamo katika jina wala katika picha. Jambo hili linanisumbua kila ninapolisimulia, na sioni sababu ya kulipitia kimyakimya.

Mwaka 1895 jarida la Curtis's Botanical Magazine nalo likatoa mchoro wake. Jarida hilo lilianza mwaka 1787 na linaendelea kuchapishwa. Wakati huo mchoraji wake mkuu alikuwa Matilda Smith, aliyelichorea michoro zaidi ya 2,000. Mchoro ulihamishiwa juu ya jiwe, ukapigwa chapa kwa wino mweusi, kisha wapaka rangi wakakaa na brashi na kupaka kila nakala kwa mkono, moja baada ya nyingine. Jarida hilo liliendelea kupakwa rangi kwa mkono hadi mwaka 1948.

Ukiutazama mchoro wa namna hii, usiishie kwenye uzuri wake. Hesabu. Ua la dughulushi lina petali 5: mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa. Katikati pana vifuko viwili vya manjano vilivyoshikamana, ndivyo vinavyobeba chavua. Sasa tafuta kile kijiti chembamba chenye stigma, yaani ncha inayopokea chavua. Hakikusimama katikati, kimeegemea upande. Ua jingine utalikuta limekielekeza upande wa pili, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Mpiga picha angeweza kupitwa na jambo hilo, kwa kuwa lensi huchukua chochote kilicho mbele yake. Mchoraji hawezi kuweka mstari wowote bila kwanza kuamua ameona nini. Ndiyo maana kando ya mmea mzima michoro hii huonyesha pia vipande vilivyokuzwa, kama stameni (kiungo kinachobeba chavua), ovari (kifuko cha mbegu changa) au unywele wa jani. Hivyo ndivyo vinavyotenganisha spishi moja na jirani yake.

Hata hivyo mchoro wa desturi hiyo una upungufu mkubwa: mmea umeelea juu ya karatasi nyeupe. Dughulushi asilia huishi Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya tu, kwenye nyufa za miamba, penye unyevu, chini ya kivuli cha msitu. Mwamba haumo kwenye karatasi wala mti unaotoa kivuli haumo. Naamini weupe huo ulichangia watu kulipenda ua bila kuujua msitu wake, na msitu ukikatwa, jua la mchana humaliza mimea iliyobaki mwambani.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Karibu miaka 200 kabla, Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Frankfurt, alisafiri na binti yake hadi Suriname, akakaa huko kuanzia 1699 hadi 1701. Kitabu chake cha 1705 kina michoro 60, na ndani yake kiwavi, pupa na kipepeo wamo juu ya mmea wanaoutegemea. Kuhusu ua la tausi, aliandika kwamba wanawake watumwa walimweleza wenyewe kuwa walitumia mbegu zake kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Mchoro mmoja ukabeba mmea, mdudu na kilio cha watu.

Kuna sababu nyingine ya kuitunza michoro hii. Mimea mingi iliyochumwa Tanganyika wakati wa Wajerumani ilihifadhiwa Berlin. Mwezi Machi 1943 jengo la hebaria ya huko lilipigwa mabomu na sehemu kubwa ya hazina ikateketea, zikiwemo karatasi ambazo majina ya spishi zetu yalitegemea. Kwa baadhi ya mimea hiyo kumebaki nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine, maelezo yaliyochapishwa, na mchoro. Kanuni za kutaja mimea ziliruhusu mchoro wenyewe uwe ushahidi wa jina. Kwa majina mapya ya mimea ruhusa hiyo ilikoma tarehe 1 Januari 2007, na sasa lazima pawepo mmea wenyewe.

Hata jina la dughulushi limeguswa. Baada ya uchunguzi wa DNA, tangu mwaka 2015 wataalamu wanaihesabu ndani ya jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, iitwayo Streptocarpus. Mchoro wa 1895 haukupoteza kitu kwa mabadiliko hayo, kwa sababu vifuko ni vilevile viwili na petali ni zilezile 5.

Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Michoro yake ni ya wino mweusi, bila rangi, kwani mara nyingi mchoraji alikuwa na mmea mkavu tu mezani. Ua kavu hulowekwa kwenye maji ya moto hadi lilainike, kisha hufunguliwa kwa sindano chini ya hadubini na kupimwa kwa bikari. Linakuwa limefungwa tangu siku lilipobanwa, pengine kabla mchoraji hajazaliwa, na yeye ndiye wa kwanza kuhesabu stameni zake.