Kutathmini hatari ya mafuriko: maji yatafika wapi, na yatamuumiza nani

Nyumba mbili za Jangwani, Dar es Salaam, zinaweza kuingiwa na maji usiku mmoja, moja ikapoteza godoro na nyingine ikapoteza mtu. Ukipima maji peke yake hutaielewa tofauti hiyo. Ndiyo maana tathmini ya hatari ya maafa huuliza mambo matatu: tishio lenyewe lina nguvu kiasi gani, nani na nini kiko njiani mwake, na kati ya walio njiani, nani ni mwepesi wa kudhurika na kwa nini.

La kwanza tumelizoea. Mvua inapimwa, wahandisi wanakokotoa mto utatapakaa hadi wapi. Ila kuna kauli moja inayopotosha watu wengi, ile ya "mafuriko ya miaka mia". Si kwamba yakishapita mwaka huu mko salama hadi enzi za wajukuu. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano wa kutokea kwake ni asilimia 1. Anayeishi sehemu hiyo kwa miaka 30 ana uwezekano wa kama asilimia 26 wa kuyapata angalau mara moja, na hiyo si bahati mbaya ya nadra hata kidogo.

La pili ni kuhesabu vilivyo njiani: watu, nyumba, shule, zahanati, barabara, nguzo za umeme. Hesabu hii haiishii kwenye nyumba zinazolowa. Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani kwa sababu Mto Msimbazi umefurika, mkazi wa Kimara ambaye kwake halijaingia hata tone anakosa njia ya kwenda mjini. Karakana ya mabasi yaendayo haraka nayo iliwekwa bondeni humo humo, na imeshajaa maji zaidi ya mara moja.

Namna ya kuhesabu ina uzito wake. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kwenye mitaa kama ya Tandale, ambayo kwenye ramani nyingi ilikuwa haina hata vichochoro. Walichora nyumba, wakafuata mitaro. Mtaro unahitaji maelezo yake: upana, kina, unamwaga wapi, umeziba taka au unapitisha. Na lipo swali moja ambalo hakuna setilaiti inayoweza kulijibu: safari ile maji yalifika wapi? Mkazi huonyesha gotini, kiunoni, au mstari wa tope uliobaki ukutani. Mahali pasipo na kipimo cha mto, mstari ule ndio kumbukumbu bora iliyopo, na anayeupuuza kwa kuwa haukutoka kwenye mashine anaharibu kazi yake mwenyewe.

La tatu ndilo zito, na kwa maoni yangu ndilo linalofanywa kwa haraka kuliko yote. Wepesi wa kudhurika uko ndani ya nyumba. Mwenye nyumba anaweza kuinua kizingiti na kujenga kijiukuta mlangoni, lakini mpangaji wa chumba kimoja huishia kuinua kitanda juu ya matofali. Mama lishe ambaye mtaji wake wote ni unga, mchele na mkaa vilivyowekwa sakafuni anafilisika kwa maji ya kifundo cha mguu. Choo cha shimo kikifurika, kipindupindu kinaweza kufuata, na kitawafikia hata ambao nyumba zao hazikuguswa. Kuna mzee asiyeweza kutembea, kuna aliyejifungua juzi, kuna familia isiyo na ndugu upande wa mlimani wa kuwapokea usiku.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam. Baadaye Serikali ilizihamishia familia nyingi za bondeni Mabwepande, nje kabisa ya mji. Njiani mwa maji waliondolewa kweli. Lakini vibarua, biashara na wateja vilibaki mjini, na nauli ikawa mzigo mpya. Baadhi wakarudi bondeni. Tathmini iliyotazama maji na makazi bila kutazama riziki isingeweza kuliona hilo mapema.

Mpangilio ni uleule kwa maafa mengine. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi za matofali yasiyoimarishwa, kwa hiyo huko swali la tatu linahusu ukuta. Katesh, chini ya Mlima Hanang, tope la Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80, na huko swali la pili ndilo la kuanza nalo: nani anaishi kwenye mkondo ambao tope litashukia.

Ukiiona ripoti ya tathmini ya mtaa wako, tazama kwanza ilifanywa lini. Bondeni nyumba huongezeka, kifusi humwagwa, mto hujaa mchanga, na ramani ya miaka kumi iliyopita inaweza kuwa ya mtaa mwingine kabisa. Kisha tazama kama takwimu ni za kata nzima au zimefika ngazi ya shina. Wastani wa kata unaweza kusema hali ni nzuri wakati nyumba za ukingoni mwa mto zinalala ndani ya maji kila masika.